Utulivu wa upinde wa kompaundi hauanzii mkononi

Katika mashindano ya upinde wa kompaundi, mlengaji husimama mita 50 kutoka kwenye shabaha. Duara la alama kumi analolitafuta lina upana wa sentimita 8, kama mdomo wa kikombe cha chai. Kwenye pambano la mtu kwa mtu hupewa sekunde 20 kwa kila mshale: aupachike kwenye ugwe, avute, alenge na kuuachia. Mishale ni 15, na jumla ya juu kabisa ni alama 150. Mwaka 2023 mjini Berlin, kijana wa India aitwaye Ojas Deotale alizipata zote 150 katika fainali ya ubingwa wa dunia. Mpinzani wake kutoka Poland, Łukasz Przybylski, alipata 149 na kuambulia medali ya fedha.

Ukikaa na kalamu ukapiga hesabu, ndipo unapoona ugumu wa kazi hiyo. Upinde ukiwa umevutwa, kutoka jicho la mlengaji hadi kwenye kioo cha kulengea kilichofungwa mbele ya upinde ni takribani sentimita 90. Kioo hicho kikisogea kando kwa robo tatu ya milimita tu wakati mshale unaondoka, mshale uliokuwa uende katikati unafikia ukingoni mwa duara la kumi. Kikisogea milimita moja, umeshatoka.

Sasa linganisha hilo na mwili wa binadamu. Mkono wa mtu mzima mwenye afya, hata atulie vipi, hutetemeka mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Moyo unadunda, kifua kinapanda na kushuka, upepo nao unasukuma upinde. Anayeanza mchezo huu akiona kioo kinacheza, jambo la kwanza analofanya ni kuukaza mkono, kubana meno na kuulazimisha upinde utulie. Hapo ndipo anapoharibu. Misuli iliyokazwa hutetemeka zaidi, tena huchoka mapema. Utulivu wa mlengaji mzuri hutokana na mifupa iliyopangika, upinde uliopimwa kwa mwili wake, na akili iliyokubali kwamba kioo hakitasimama tuli kamwe.

Nafuu inayofichua makosa

Upinde huu si wa zamani. Mmarekani Holless Wilbur Allen, wa jimbo la Missouri, aliomba hataza yake mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Alichobuni ni kufunga kapi kwenye ncha za upinde na kupitisha ugwe na kebo humo. Kapi hizo, ambazo leo zimekuwa kamu zenye umbo la yai au lililopindapinda zaidi, hazizunguki kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Unapoanza kuvuta uzito unapanda, unafika kileleni, kisha kamu zikipinduka uzito unaporomoka.

Kwenye uta wa kawaida, kama ule wa Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, kadiri unavyovuta ndivyo unavyoelemewa, na pale unapolenga ndipo uzito unapokuwa mkubwa kuliko wote. Anayeutumia hana muda wa kuduwaa. Huvuta na kuachia. Kompaundi imegeuza mambo. Kanuni za mashindano ya kimataifa haziruhusu upinde uzidi ratili 60, yaani kama kilo 27. Ukiwa na upinde wa uzito huo unaopunguza asilimia 80, mwisho wa mvuto unabaki umeshikilia kilo 5 na nusu hivi.

Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa uzito umepungua, basi kulenga kumekuwa rahisi. Kuvuta kweli kumekuwa rahisi, lakini kulenga kumekuwa mtihani wa aina nyingine. Anayeweza kushikilia kwa sekunde nane au kumi ana muda wa kuona kila mtikisiko, wa kutilia shaka, wa kubadili mawazo, na wa kulegeza bega bila kujua. Kosa lililokuwa likipita kwa kasi sasa linapata nafasi ya kukua.

Kipimo kwanza, nguvu baadaye

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa upinde huu, methali hiyo inafaa nusu. Mlengaji hahitaji upinde wa bei ghali kuliko yote, lakini anahitaji sana unaomwenea. Kompaundi ina mwisho wa mvuto: ukifika hapo unagonga kile ambacho wachezaji hukiita ukuta, na ugwe hauendi mbele zaidi. Ukuta huo ukiwa mahali pasipolingana na urefu wa mikono yako, hakuna zoezi litakalokuokoa.

Kipimo cha kuanzia ni chepesi. Simama wima, nyoosha mikono pande zote mbili bila kujivuta, mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mwingine. Gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 anaanzia kwenye mvuto wa sentimita 70. Hapo ni mahali pa kuanzia tu. Kutoka hapo kocha hurekebisha kidogokidogo, kwa moduli ya kamu au kwa kubadili urefu wa kitanzi kinachonaswa na kifyatulio, yaani kifaa cha kuuachia ugwe, huku akimwangalia mlengaji kwa ubavuni.

Mvuto ukizidi urefu, dalili zake huonekana kwa macho: kiwiliwili kinaegemea nyuma, kichwa kinainuka kuutafuta ugwe, bega la mbele linapanda kuelekea sikioni, na kioo kinayumba kushoto na kulia. Mvuto ukipungua, kiwiko cha nyuma hakifiki kwenye mstari wa mshale, misuli ya mkono inafanya kazi ya mgongo, na kioo kinatetemeka kwa mikupuo mifupi ya haraka. Wanaoanza wengi hukosea upande wa kuzidisha, kwa kuwa mvuto mrefu huongeza kasi ya mshale. Kasi hiyo haina faida kwa mtu anayekosa shabaha. Nusu inchi iliyopunguzwa mahali panapostahili imewatuliza walengaji wengi kuliko mwezi mzima wa kunyanyua vyuma.

Baada ya urefu, angalia uzito. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili chini, elekeza upinde kwenye shabaha kisha uvute taratibu bila kuuinua juu na bila kujinyonga. Ukishindwa, upinde huo ni mzito kwako leo. Punguza skrubu za mikono ya upinde kwa kufuata mwongozo wa mtengenezaji, ufanye mazoezi, halafu uongeze. Hakuna aibu katika hilo. Berlin hiyohiyo, mwaka uleule wa 2023, Aditi Swami wa India alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake akiwa na umri wa miaka 17. Mchezo huu haumtuzi mwenye kifua kipana.

Kiganja, bega na mgongo

Tazama kiganja chako cha mkono unaoshika upinde. Kuna mkunjo mrefu unaozunguka chini ya kidole gumba hadi karibu na kifundo. Upinde unatakiwa ukae upande wa kidole gumba wa mkunjo huo, juu ya ile nyama nene, na usivuke kwenda upande wa kidole kidogo. Ukielekeza mkono mbele kama unayemsimamisha mtu asikaribie, kisha ukaugeuza kidogo hadi vifundo vya vidole vikalala kwa mshazari wa nyuzi 45, utakuta mahali hapo penyewe. Upinde unasukumwa kuingia kiganjani na mvuto wako, hauhitaji kushikwa.

Hili ndilo linalowasumbua wengi, kwa kuwa kitu kizito mkononi humfanya mtu akifumbate. Lakini vidole vikifumba, vinausokota upinde, na msokoto mdogo tu wakati mshale ungali kwenye ugwe unaupeleka mshale kando. Ndiyo maana walengaji hufunga kamba fupi kuanzia kifundoni au kidoleni, ikauzunguka mpini. Kazi ya kamba hiyo ni kumpa mlengaji imani kwamba upinde hautaanguka, ili vidole vilegee kwa dhati. Mtazame mlengaji mzuri mara tu mshale unapotoka: upinde unaruka mbele sentimita chache, unadakwa na kamba, kisha unainama wenyewe. Mkono wake haukufanya lolote.

Kutoka kiganjani, panda begani. Bega la mbele lishuke na likae mbali na sikio kabla hujaanza kuvuta, kwa sababu ukishavuta huwezi tena kulishusha bila kupoteza mpangilio. Likikaa sawa, mfupa wa mkono unaegemea kwenye kikalio chake, na mifupa ndiyo inayobeba uzito. Mifupa haichoki wala haitetemeki.

Upande wa nyuma, mkono wenye kifyatulio huegemezwa kwenye taya, mahali palepale kila mara. Hapo ndipo pa kutia nanga. Ugwe unagusa ncha ya pua, na jicho linachungulia katika kitundu kidogo kilichofungwa ugweni. Duara la kitundu hicho lizunguke duara la kioo cha mbele sawasawa, pasipo upande ulio mpana kuliko mwingine. Ndani ya kioo kuna pimamaji dogo kama la fundi mwashi, na povu lake likae katikati. Kisha usiache kuvuta. Misuli iliyo kati ya mabega ya mgongoni iendelee kubana taratibu dhidi ya ule ukuta. Mlengaji anayepumzika ukutani huvutwa mbele na upinde wake bila kujua, na kioo kinaanza kuzama.

Somo la Paris

Anayedhani kwamba utulivu ni suala la mikono yenye nguvu na awaangalie walengaji wa Michezo ya Paralimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Matt Stutzman wa Marekani alizaliwa bila mikono. Huketi kwenye kiti, hushika upinde kwa mguu, na kifyatulio chake kimefungwa begani. Katika fainali ya kompaundi alipata alama 149 kati ya 150, akamshinda Ai Xinliang wa China aliyepata 147. Alikuwa ameanza na medali ya fedha mjini London mwaka 2012, na ilimchukua miaka 12 kuifikia dhahabu hiyo.

Paris hiyohiyo, Sheetal Devi wa India, naye bila mikono na akiwa na umri wa miaka 17, alitwaa medali ya shaba ya timu mchanganyiko pamoja na Rakesh Kumar. Sheetal huinua upinde kwa mguu wa kulia, huvuta kwa bega na kuachia kwa taya.

Mafanikio yao ni makubwa kwa kila kipimo, lakini mlengaji anayejifunza na ayatazame pia kwa jicho la ufundi. Mguu ulionyooshwa ni nguzo ndefu ya mfupa. Mwili umekaa, kitovu cha uzito kiko chini, mvuto unatoka kwenye mgongo na bega moja kwa moja. Kila kitu kinachofundishwa kwa maneno mengi viwanjani, wao wanakionyesha waziwazi: mstari mmoja wa mfupa mbele, mgongo unaovuta nyuma, na mshale katikati.

Fimbo na vyuma vya mizani

Zile fimbo ndefu zinazochomoza mbele na pembeni ya upinde wa mashindano huitwa stebilaiza. Fimbo ya mbele mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 76 au zaidi, na ya pembeni, inayoelekea nyuma, kama sentimita 30, zote zikiwa na vyuma vidogo nchani, kila kimoja kikiwa na gramu 28. Kazi yake ni ya fizikia tupu. Chuma kilicho mbali na kiganja hukataa kuzungushwa, na ukataaji huo huongezeka kwa mraba wa umbali. Gramu 100 kwenye ncha ya fimbo zinazuia mzunguko mara nne zaidi ya gramu hizohizo zikiwekwa katikati ya fimbo.

Lakini stebilaiza ni ya mwisho kurekebishwa. Anayeongeza vyuma kabla ya kurekebisha urefu wa mvuto anaficha ugonjwa. Mambo ya mwili yakishakaa sawa, ongeza chuma kimoja kwa wakati na uangalie kioo kinavyokwenda. Kikizama chini kila mara, huenda mbele pamezidi. Ongeza nyuma au punguza mbele. Kikicheza kwa kasi, upinde labda ni mwepesi mno. Kikienda polepole lakini kwa duara kubwa huku bega likichoka, umezidisha jumla. Walengaji wengi huishia na uzito wa nyuma ulio mara mbili au tatu ya ule wa mbele, kwa sababu fimbo ya nyuma ni fupi.

Acha kioo kielee

Sasa tumefika kwenye jambo gumu kuliko yote, nalo liko kichwani. Hata baada ya kupanga kila kitu, kioo kitaendelea kuelea juu ya duara la njano la katikati ya shabaha. Mabingwa nao kinawaelea. Tofauti ni kwamba duara la mwelea wao ni dogo, na hawapigani nalo. Mwelea wenyewe hupita katikati mara nyingi kuliko pengine popote, na mshale unaoachiwa bila mshtuko huangukia karibu na katikati hiyo.

Anayekataa kuelea huanza kuvizia. Husubiri kioo kiguse katikati, kisha anabonyeza kifyatulio kwa ghafla. Kule kubonyeza kunatikisa mkono mzima, na mshale unaondoka wakati kioo kimeshapita. Akiendelea hivyo miezi kadhaa, mwili unajifunza woga: kioo kinaganda chini ya duara na hakipandi, au kidole kinafyatua kabla ya amri. Wachezaji hukiita kiwewe cha shabaha, na kimewakumba hata mabingwa. Mazoea yana taabu, na kiwewe hiki ni bora kukizuia mapema kuliko kukitibu.

Dawa yake ni kifyatulio kinachotumika kwa adabu. Kipo cha kufungwa kifundoni chenye kichochezi cha kidole cha shahada, kipo cha kidole gumba, na kipo cha bawaba kisicho na kichochezi kabisa, kinachofyatuka kinapozungushwa kidogo kadiri mgongo unavyobana. Chochote utakachochagua, kidole kikae juu yake kikiwa kimetulia na mgongo ufanye kazi. Mshale uondoke ndani ya mwendo wa kuvuta, bila wewe kutangaza sekunde yake. Jicho libaki katikati ya shabaha, lisihamie kwenye kioo.

Ukishatia nanga na kutoa nusu ya pumzi, una takribani sekunde sita hadi nane nzuri. Zikipita, misuli inachoka, jicho linafifia na mwelea unapanuka. Hapo shusha upinde, pumua, anza upya. Kushusha ni ufundi unaostahili mazoezi, na mlengaji anayeshusha bila kuona haya hujiokolea alama nyingi.

Ratiba ya mazoezi

Mazoezi yanayojenga utulivu hayana mbwembwe. La kwanza ni kusimama hatua chache tu mbele ya robota la nyasi lisilo na karatasi ya shabaha na kupiga mishale ukiwa umefumba macho. Bila kitu cha kulenga, unahisi kiganja, bega na mgongo, na kifyatulio hakina cha kuvizia. Hakikisha robota ni pana, nyuma yake ni salama, na unafumba macho baada tu ya kuelekeza mshale.

La pili ni kushikilia. Mshale ukiwa ugweni, kidole kikiwa mbali na kichochezi, vuta mbele ya robota na uache kioo kielee juu ya alama kwa sekunde 15 hadi 20, kisha ushushe taratibu bila kupiga. Pumzika mara mbili ya muda huo na urudie. Zoezi hili linajenga misuli ileile inayotumika, na linamfundisha mlengaji kuutazama mwelea wake bila hofu.

La tatu ni kusogea nyuma kwa ngazi. Umbo ulilolipata mbele ya robota lipeleke mita 10 kwenye shabaha kubwa, kisha 20, kisha 30, na urudi ngazi moja pale linapovunjika. Anayekimbilia mita 50 siku ya kwanza anajifunza kuogopa karatasi.

Kuna jambo moja la usalama ambalo halina mjadala. Usifyatue kamwe upinde wa kompaundi bila mshale. Nishati iliyopaswa kwenda na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde, kamu na ugwe, na vinaweza kupasuka karibu na uso wako.

Mlango umefunguka

Mwezi Aprili 2025, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha shindano la kompaundi la timu mchanganyiko, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwa Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028. Itakuwa mara ya kwanza upinde huu kuingia Olimpiki. Afrika Mashariki si mgeni wa ulengaji: mwaka 2016 mjini Rio, mlengaji Shehzana Anwar ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya katika sherehe za ufunguzi. Yeye alishindana kwa upinde wa aina nyingine, ule wa ncha zilizopinda, ambao ndio pekee Olimpiki iliokuwa ikiuruhusu wakati huo.

Kwa makocha na wazazi wenye vijana wanaoupenda mchezo huu, ombi langu ni moja: msiwakabidhi watoto pinde zilizorithiwa kwa watu wazima, zenye mvuto mrefu na uzito mkubwa, mkitarajia wakue nazo. Pimeni mikono yao kwanza. Na wewe mlengaji unayehangaika na kioo kisichotulia, kabla ya kununua fimbo nyingine, mwombe mwenzako akupige picha kwa ubavuni ukiwa umevuta, kisha ukague urefu wa mvuto, bega na kiganja, kwa mfuatano huo. Kwa walio wengi, kosa liko katika mojawapo ya hayo matatu, na kulirekebisha hakugharimu hata shilingi moja.